Rispah Nekesa Kioko, Mhandisi Aliyeogopa kwa Ajili Yetu

Kwa jina la Mungu atoaye pumzi na kuichukua, familia inawasomea ninyi nyote mliofika, wa kanisani, wa msikitini na wa kazini, maisha ya mpendwa wetu Mhandisi Rispah Nekesa Kioko. Alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Juni 1979 hapa Mombasa, kifungua mimba wa marehemu mzee Zakariya Wafula, fundi wa reli aliyetoka Bungoma, na mama Nanjala. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na upepo uling'oa mabati ya nyumba ya jirani yao. Mama Nanjala amekuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa akisikiliza dari.

Walikaa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Mvua ilipoanza, Rispah aliburuta godoro lake hadi chini ya fremu ya mlango, maana aliona hapo ndipo penye nguvu. Mzee Zakariya akampa jina la Mkaguzi. "Haya Mkaguzi," alikuwa akimwambia, "leo tulale au tusilale?" Mtoto aliweka kiganja ukutani, akainamisha kichwa, kisha akasema, "Laleni." Na wakalala wote. Yeye hakulala.

Alisoma shule ya msingi karibu na Tononoka kuanzia 1986 hadi 1993, kisha shule ya bweni ya wasichana hadi 1997. Mwaka 1999 aliingia chuo kikuu jijini Nairobi kusomea uhandisi wa ujenzi, na akahitimu mwaka 2004. Darasa zima lilikuwa na wasichana watatu. Mafunzoni, msimamizi mmoja wa mjengo alimwona na kofia yake ya plastiki akamwambia, "Dada, jikoni ni kule nyuma." Rispah akamjibu, "Jukwaa lenu la kupandia halijafungwa upande wa kushoto. Nikienda jikoni, chakula nitampakulia nani, na nyote mtakuwa mmeanguka?" Watu walicheka, na jukwaa likafungwa. Jambo asilolijua yule msimamizi ni hili: Rispah aliogopa kupanda juu tangu siku ya kwanza ya kazi hadi ya mwisho, na alipanda.

Alirudi Mombasa mwaka 2005 akaajiriwa na kampuni iliyojenga na kukarabati maghala ya Shimanzi. Huko ndiko alikokutana na Kioko Musyoka, karani wa mizigo. Maneno yake ya kwanza kwa mumewe yalikuwa, "Ndugu, hamisha meza yako." Kioko akauliza kwa nini. "Siipendi hiyo nguzo." Kioko akahamisha meza, na husema hajaacha kuihamisha mpaka leo. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 8 Desemba 2007, na Mungu akawabariki na watoto wawili, Bramwel na Mumo.

Kazi iliyomshika moyo ilikuwa nyumba za Mji wa Kale. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimelala juu ya boriti za mikoko. Rispah alieleza, kwa lugha ambayo hata sisi tusio wahandisi tuliielewa, kwamba ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, kama mtu anavyotokwa na jasho. Ukiukandika simiti, jasho linabaki ndani na kuozesha ncha za boriti, wala hutaona kitu, kwa sababu nje panang'aa. Lakini chokaa ya kale ilichomwa kwa matumbawe na kuni za mikoko, na yeye hakutaka kuokoa nyumba kwa kuua bahari. Basi kwa shahada yake ya pili, aliyoipata mwaka 2011, alifanya utafiti wa chokaa ya makome, yaani magamba ya viumbe vya baharini. Alikusanya makome yaliyotupwa na wachuuzi wa samaki wa Liwatoni, akayachoma kwa vifuu vya nazi, akayapima mpaka akapata chokaa iliyofaa. Nyumba kadhaa za mji ule zimesimama leo kwa chokaa hiyo.

Mwaka 2012 alianzisha darasa la Jumamosi la wasichana wa sekondari waliopenda hesabu na sayansi. Bi Manar, mjane wa Mji wa Kale, alimpa chumba cha chini cha nyumba yake bila kodi. Familia za Kiislamu zilimkabidhi mabinti wao mwanamke Mkristo kwa sababu alivua viatu mlangoni, aliwaamkia wazee ipasavyo, na darasa lilikwisha kabla ya adhana ya adhuhuri. Walijifunza kupima nyufa, kuchora, kuhesabu uzito, na kusimama mbele ya wanaume na kusema walichokiona. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Aliwaambia, "Hakuna atakayewauliza. Semeni kabla ya kuulizwa."

Lakini kusema kuna gharama yake. Mwaka 2014 aliona ufa katika nyumba moja ya Bondeni, akaisihi familia ihame siku hiyo hiyo. Walihama na vyombo vyao kwenye mkokoteni. Nyumba haikuanguka. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, nyumba imesimama. Vijana wa barazani wakamwita Mama Itaanguka. "Mhandisi!" walimpigia kelele kila akipita. "Yetu itaanguka saa ngapi? Tupate kuoga kwanza!" Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Alianza kuogopa vitu viwili: kwamba siku moja atanyamaza na watu wafe, na kwamba akikosea tena wazazi watawatoa mabinti darasani.

Hofu hizo mbili zilikutana Jumamosi tarehe 21 Aprili 2018. Bwana Yeslam wa Mji wa Kale, mwenye duka la vitambaa, alikuwa akimwoza binti yake mkubwa, Lamis. Mdogo wake Lamis, Afaf, alikuwa mwanafunzi wa Rispah, kwa hiyo mwalimu alialikwa. Kwa heshima ya arusi Bwana Yeslam alikuwa ameikandika nyumba nzima simiti mpya na rangi nyeupe, na akaongeza tangi la maji juu ya paa ili wageni wasikose maji. Alifanya kwa mapenzi, kama baba yeyote. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza.

Baada ya alasiri Rispah alikuwa ameketi na Afaf orofa ya kati, sahani ya biriani mapajani. Juu yao wanawake walikuwa wakicheza vugo, ngoma ya arusi. Vumbi likaanguka kwenye wali. Akainua macho, akaona plasta mpya imepasuka mstari mmoja ulionyooka, chini ya boriti, na kila kishindo cha miguu kikizidi kuufungua.

"Mwalimu, mbona huli?" Afaf akamuuliza.

Rispah aliweka sahani chini. Baadaye alimsimulia mumewe kwamba alitamani kuwa mjinga, awe mgeni tu aliyekuja kula. Angepiga ukelele, wanawake wote wangekimbilia ngazi moja nyembamba na kukanyagana. Angenyamaza, ngoma ingeendelea. Alimtuma Afaf amwite baba yake, na mwenyewe akapanda juu, akamnong'oneza Bi Manar, aliyekuwa miongoni mwa wageni, ngoma ipumzike kidogo.

Bwana Yeslam alikuja mpaka chini ya ngazi, Rispah akamshukia.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Bwana Yeslam, nakuomba wanawake washuke. Polepole. Dari siiamini."

"Dari?" Akatazama juu. "Plasta hini haijatimiza mwezi."

"Ndiyo inayonitisha."

"Nyumba hini imejengwa na babu ya babu yangu. Imeona arusi ngapi! Leo ndiyo itaanguka, kwa sababu wewe umekuja?" Akashusha sauti, kwa kuwa wageni walikuwa wakisikiliza. "Wataka kunivundia arusi ya mwanangu? Wallahi hili ni kama lile la Bondeni."

"Huenda ni kama lile la Bondeni," Rispah akasema. "Naogopa tu. Sina zaidi ya hilo."

Bwana Yeslam akasema, "Haya. Nitakutii, kwani u mgeni wangu. Lakini usiku huu ukipita na nyumba imesimama, mabinti wa mtaa huu hawatatia mguu darasani kwako tena. Mimi mwenyewe nitazunguka nyumba kwa nyumba."

"Nimekubali."

Aliyepata njia ya kuwashusha bila taharuki ni Bi Manar. Kwa desturi, bibi arusi anapotolewa kuonyeshwa, wanawake wote humfuata alipo. Bi Manar akatoka katikati ya chumba akasema kwa sauti, "Jamani, bibi arusi atatolewa kwangu, kwa baraka za marehemu mume wangu! Anayetaka kumwona na anifuate, na asiyetaka abaki na tangi la maji!" Wakacheka, wakapiga vigelegele. Lamis akatangulia mbele, amejifunika, naye Rispah akasimama juu ya ngazi akiwaruhusu wachache wachache, akitabasamu. Alishuka wa mwisho.

Usiku ule ukapita. Nyumba ikabaki imesimama.

Bwana Yeslam alitimiza neno lake. Jumamosi iliyofuata Rispah alifungua chumba kwa Bi Manar, akapanga viti, akangoja. Hakuja mtu. Wala Jumamosi ya pili. Bi Manar alimletea chai akaketi naye ili asionekane yuko peke yake. Vijana wa barazani walimwuliza kama tangi limemsalimia. Nyumbani Kioko alishindwa kuvumilia, akamwambia, "Mama Bramwel, laiti ile dari ingeanguka hata kipande, bila mtu ndani, wajue ulisema kweli."

"Usiseme hivyo hata kwa mzaha," Rispah akamjibu. "Mimi kila siku namwomba Mungu nionekane mwongo."

Ndivyo alivyoomba, nasi tulimsikia.

Baada ya Idi ya mwezi wa sita, Bwana Yeslam alimwita fundi mwashi, mzee Abdulghafur, abandue plasta mahali pale, ili maneno yaishe. Fundi alipofikia boriti, mkono wake ulizama kwenye ncha yake kama kwenye uji. Ya pili ilikuwa hivyo, na ya tatu. Bwana Yeslam alitoka nje akaketi barazani. Jumamosi ile alifika kwa Bi Manar akimtangulia Afaf, na nyuma yao mabinti wengine na wengine wapya. Akasimama mlangoni.

"Mwalimu, sikujua."

"Hata mimi sikujua, Bwana Yeslam," akasema. "Karibuni ndani."

Nyumba ile ilitengenezwa kwa chokaa ya makome, na Afaf ndiye aliyesimamia vipimo.

Mwezi wa Agosti 2023 Rispah alianza kuumwa tumbo, na madaktari wakagundua saratani ya mfuko wa mayai. Alifanyiwa upasuaji Septemba mwaka huo, akaendelea na matibabu hapa Mombasa na Nairobi. Mwaka 2024 alipata nafuu, akarudi darasani na kilemba kichwani. Mwezi wa Novemba ugonjwa ukarudi na nguvu. Hatutasema hapa kwamba hakuogopa, maana si kweli, naye hakupenda uongo. Aliogopa sana. Aliogopa sindano, aliogopa kumwacha Mumo akiwa bado shuleni. Mchungaji alipomwuliza kama yuko tayari, alisema, "Sijawa tayari, lakini nimemwambia Bwana hivyo." Alishika mkono wa mdogo wake Beverly hata ukafa ganzi. Aliomba kwa sauti, na mara nyingine kilio kilikatisha sala, akaianza upya.

Zaidi ya yote aliogopa kwamba darasa litakufa pamoja naye. Afaf, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi, alikuja kumtazama mwanzoni mwa Machi akamwambia wazi, "Mwalimu, hesabu nitawafundisha. Lakini kumtoa mtu nyumbani kwake, siwezi. Mimi huogopa."

"Watu watakucheka," Rispah akamwambia.

"Najua."

"Na huenda umekosea."

"Najua, Mwalimu."

"Basi umeshajua kazi yote. Siku utakapoacha kuogopa, mwachie mwingine."

Afaf alilia, naye Rispah akamwambia anyamaze kwa sababu manesi watadhani ameshakufa.

Alitwaliwa Jumanne tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, mumewe na mamake wakiwa kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, washirika wa kanisa, na majirani wa Mji wa Kale ambao, wakiwa katika saumu, wamepika na kutuletea chakula kila siku ya matanga.

Ameacha mume, Kioko Musyoka. Watoto, Bramwel na Mumo. Mama mzazi, Nanjala. Mdogo wake, Beverly. Wakwe, mashemeji na wapwa. Na mabinti wa darasa, ambao wengine ni wahandisi, mmoja ni rubani, na wengine wangali na sare za shule.

Familia ina ombi moja kwa wazazi mliosimama hapa. Masika yako karibu, na ziko nyumba ambazo Rispah hakuzifikia. Atakuja binti kwenye mlango wako, huenda ni mdogo, huenda sauti inamtetemeka, naye hatakuwa na hakika. Mkaribishe. Akikwambia utoke, toka na watoto wako kwanza, mbishane mkiwa nje.

Ee Bwana, umemwona mtumishi wako akitetemeka tangu mvua ile ya kwanza. Mpokee Rispah, umlaze mahali ambapo hapana la kuogopa, na usingizi wake uwe mzito.

Amina.