Protase Rugaibula, Fundi wa Magurudumu ya Nyuma

Baba Paroko, wazee wa ukoo, wenzake wa karakana, na ninyi nyote mliofika hapa Kimwani, wengine kwa miguu tangu alfajiri, mimi ni Buberwa, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu Protase Rugaibula, tena imenituma nisome yote, hata yale ambayo msibani huwa tunayaruka.

Protase alizaliwa hapa hapa Kimwani tarehe 4 Mei 1929, mtoto wa kwanza wa marehemu wazazi wetu, wakulima wa ndizi na kahawa, akabatizwa mwezi huohuo, na mwaka 1938 akaanza shule ya misheni, ambako alisoma hadi darasa la nne, kisha baba akaugua na kibanja kikahitaji mikono, akaacha shule bila kunung'unika, ingawa baadaye, kila alipotoka kazini, aliwauliza watoto wake walichofundishwa siku hiyo, si kwa kuwapima, bali kwa kuwa alitaka kujua.

Mwaka 1948 alikwenda Bukoba mjini, akapata kazi ya kuosha vyuma katika gereji moja, na mwaka 1953 akaajiriwa katika karakana ya ushirika, iliyotunza malori ya kubeba kahawa, akawa fundi wa springi na ekseli, na hasa wa magurudumu ya nyuma, kwa maana malori yetu hubebeshwa mizigo mizito kwenye barabara mbovu, bolti ya katikati ya springi hukatika, ekseli husogea, gurudumu moja la nyuma likatangulia lingine, na lori likaanza kwenda upande upande kama mbwa anayekimbia. Lilipofika kwake lori la namna hiyo, Protase alivuta kamba kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, upande huu na upande ule, akachuchumaa na kutazama mahali kamba ilipogusa na mahali ilipoachia mwanya, ndipo alipoinua gari kwa jeki, akalegeza nati, akairudisha ekseli mahali pake kidogo kidogo, akakaza, akapima tena.

Tarehe 15 Januari 1955 alifunga ndoa na Georgina Kokushubila wa Ijuganyondo, wakaishi Hamugembe, pale Bukoba mjini, wakajaliwa watoto watatu, Celina aliyezaliwa mwaka 1956, Kashaija mwaka 1959, na Joviana, ambaye alizaliwa Desemba 1961, wiki ile ya Uhuru, mji mzima ukiwa katika ngoma, na kaka yangu akaitwa kutoka chini ya lori, akakimbia nyumbani na mafuta mikononi, mkunga akamkataza kumshika mtoto mpaka anawe mara mbili.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 1974 Celina alikuwa amemaliza shule, akajitolea kufundisha watu wazima kusoma na kuandika katika kijiji cha ujamaa upande wa Muleba, na kijiji hicho kilikuwa na lori, ambalo dereva wake alikuwa Ildefons Ishengoma, kaka yake Georgina, yaani shemeji yake marehemu. Mwanzoni mwa Machi lori lile lililetwa karakana likienda upande, Protase akabadili bolti ya springi, akainyoosha ekseli, akamwambia Ildefons kwamba springi zikishabeba mzigo hujilaza na nati hulegea, kwa hiyo baada ya safari ya kwanza alirudishe zikazwe upya. Ildefons alikubali, lakini kahawa ya kijiji ilikuwa inangoja, viongozi walikuwa wanamhimiza, safari ya kwanza ikazaa ya pili na ya tatu, naye akaona lori linakwenda vizuri.

Jumamosi tarehe 9 Machi 1974, kwenye mteremko mmoja kabla ya kufika Muleba, nati zililegea kabisa, ekseli ikahama, lori likaacha barabara na kupinduka, na Celina, aliyekuwa amekaa juu ya magunia pamoja na wanakijiji wengine, akafariki papo hapo. Wengine waliumia, yeye peke yake hakuamka. Amelala pale nyuma yenu, karibu na shimo tulilochimba jana.

Ildefons alishitakiwa, na Protase akaitwa kuwa shahidi. Wakwe zake walimjia wakimwomba aseme kwamba bolti ilikuwa mbovu tangu dukani, ili lisiwe kosa la mtu yeyote, na hakukuwa na mwingine aliyesikia maneno ya karakana isipokuwa Protase na Ildefons. Nilikuwepo Georgina alipomwambia mumewe, "Mwanangu nimemzika. Kaka yangu naye unataka nimzike akiwa hai?"

Mahakamani, mwezi wa Agosti, Protase alisema kweli, kwamba alimwagiza dereva arudi na dereva hakurudi, kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, kwamba yeye kama fundi alipaswa kulizuia lile gari, alipande likiwa na mzigo, alikaze mwenyewe, na ndipo aliachie. Ildefons alifungwa jela, na Georgina akamchukua Joviana, akarudi kwao Ijuganyondo.

Tangu hapo hakuna lori lililotoka mikononi mwa Protase kabla hajapanda yeye mwenyewe juu ya mzigo, akaenda nalo hadi Kyetema na kurudi, akakaza, na madereva waliokuwa na haraka walimchukia kwa hilo, yeye akawavumilia. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kwenye kibanja cha Ildefons, ambako mke wa mfungwa, Alistidia, alimfungia mlango, naye hakubisha hodi, alipalilia migomba, akakata majani makavu, akachuma kahawa ilipoiva na kuiacha kizingitini. Siku moja Alistidia alimtolea maji ya kunywa. Habari zikamfikia Georgina, ambaye hakuwa mbali, akaja, akamkuta mumewe amekonda na shati limechanika mgongoni, akamuuliza kama amekula, kisha akachukua jembe lingine, wakalima mpaka jua likawa kali, na jioni ile akarudi naye Hamugembe.

Ildefons alipoachiwa, Februari 1976, alifika Hamugembe akasimama nje karibu na migomba, asiweze kupiga hodi, na kaka yangu akamfuata kule nje akamwambia, "Mulamu, shemeji yangu, lile gari lilikuwa mkononi mwangu kabla halijawa mkononi mwako. Ingia ndani." Waliingia, na Georgina akawapakulia ndizi sahani moja.

Mwezi Novemba mwaka huohuo marehemu alianza kuumwa tumbo, akalazwa, akapata nafuu, akalazwa tena mwezi Machi, na siku zote hizo Ildefons ndiye aliyembeba mgongoni kutoka kitandani, akamwosha na kumnyoa ndevu, na ni yeye aliyeiomba familia habari hizi zisifichwe. Protase alifariki hospitalini asubuhi ya Ijumaa tarehe 17 Juni 1977, mkewe akiwa ameshika miguu yake, marehemu akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Tunawashukuru madaktari na masista waliomuuguza, majirani wa Hamugembe waliolala nasi chini kwenye mikeka, akina mama wa Ijuganyondo waliopika, na mafundi wenzake wa karakana, ambao wamemleta kaka yetu hadi huku kwa mwendo wa pole.

Georgina ameniagiza nikusomee wewe mwenyewe, kaka, neno moja. Anasema miezi ile aliyokaa kwao amekukasirikia anaijua yote, mmoja mmoja, wa mvua na wa kiangazi, na kwamba kama Mungu angemuuliza anataka nini, asingeomba mali wala miaka mingine, angeomba arudishiwe miezi ile, akae nayo pamoja na wewe. Pumzika sasa, Protase, mwana wa mama yangu, na amani ya Bwana ikae nawe.