Mkwe Aliyejitaja Ukurasa wa Kwanza

Baba Padri, wazee wa ukoo, viongozi mliopanda hadi huku kwa miguu baada ya gari kukwama mtoni, ndugu zetu kutoka Mgeta, majirani wa Mafiga, naomba tukae, na aliyekosa pa kukaa aegemee mgomba, maana wote tumechoka, na marehemu alichoka kabla yetu.

Mimi ninayesoma naitwa Kasiani Banzi, kaka wa mjane, mjomba wa watoto, na nimelitanguliza hilo kwa sababu marehemu aliagiza kwamba atakayesoma habari zake aseme kwanza amekaa upande gani, basi ijulikane kuwa mimi ni shemeji yake, ardhi hii ni ya ukoo wangu, na nilimpenda, kwa hiyo mkinisikia namsifu punguzeni kidogo, na mkinisikia namlaumu punguzeni pia, kwani alikuwa akinifunga kwenye mchezo wa bao kila likizo.

Marehemu Ignas Dimoso alizaliwa Mgeta tarehe 14 Septemba 1929, akasoma shule ya misheni hukohuko kuanzia mwaka 1938, akamaliza shule ya kati mwaka 1947, akiwa na mwandiko mzuri uliompatia kazi na baadaye matatizo. Mwaka 1948 aliajiriwa ukarani katika shamba la mkonge upande wa Kimamba, na mwaka 1962 akajiunga na ofisi moja ya mipango mjini Morogoro kama mdadisi, yaani mtu wa kuzunguka vijijini akiwauliza wananchi maswali ambayo majibu yake ofisi inayo tayari.

Tarehe 21 Julai 1956 alifunga ndoa na dada yangu Theresia katika kanisa la hapa Matombo, wakajaliwa watoto watatu, Margareth mwaka 1957, Charles mwaka 1960 na Chausiku mwaka 1965. Kwa desturi yetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, kwa hiyo kila likizo marehemu alilima shamba la mkewe, akala ndizi za mkewe, na akitaka kukata mti aliniomba mimi ruhusa, nami nilichelewa kumjibu makusudi, ili asisahau.

Mwezi Agosti 1974 ofisi ilimtuma huku kwetu, aulize kama watu wa kitongoji hiki wako tayari kuiacha milima na kuhamia kijiji cha ujamaa kule chini barabarani. Alikuja na Landrova, Katibu Kata kasimama kulia kwake, balozi wa nyumba kumi kushoto, akawauliza wakuu wa kaya, ambao katika fomu za ofisi ni wanaume, na wanaume wote, watu aliocheza nao ngoma za arusi, wakamjibu, "Ndiyo bwana mkubwa, hata leo tunahama," naye akaandika.

Aliporudi nyumbani kwao Mafiga, mjini Morogoro, Theresia alimwekea chai mezani, akaishika birika bila kumimina, akasema, "Haya baba Margareth, leo nakudadisi wewe. Wewe ni mkuu wa kaya?" Akajibu ndiyo. "Uko tayari kaya yako iliache shamba la Matombo ihamie barabarani?" Marehemu, kwa uchovu wa safari na hamu ya chai, akajibu, "Mimi sina neno, tuko tayari," na dada yangu akasema, "Umeshauhamisha ukoo wangu wote, na chai hujanywa."

Hapo ndipo alipoona kwamba wanaume wale walikuwa wakwe kama yeye, wakigawa kirahisi ardhi isiyo yao, tena wakiigawa mbele ya Landrova, na kwamba yeye, Mluguru wa kuzaliwa, alilijua hilo miaka yote, ila kila alipopanda kiti cha mbele aliuacha ukwe wake nyumbani. Taarifa ilikuwa ikisubiriwa, na ingepita vile ilivyo, tungehamishwa kabla ya mvua za vuli.

Akaomba likizo, akapanda kwa miguu bila Katibu, akawauliza wanawake na kaka zao. Mama yetu mkubwa, Mwanaheri, alimtazama akamwambia, "Mkwe, juzi ulikuja na gari, leo umekuja na vumbi, tumwamini yupi?" naye akajibu, "Shikamoo mama, hata mimi namtafuta." Wanawake walikataa kuhama, wakataja makaburi, chemchemi na migomba, lakini marehemu aliniambia tukicheza bao kwamba hata majibu hayo asingeyaita safi, kwa kuwa safari hii tulimjibu mkwe, na mkwe kila mtu anajua namna ya kumbana.

Aliandika majibu yote mawili, na ukurasa wa kwanza akaandika kwamba mwandishi ameoa katika kitongoji hiki, analima shamba la mkewe, na mara ya kwanza alifika na gari la Serikali. Katika kikao mwenyekiti alimwambia, "Ndugu Dimoso, tulikutuma uandike habari za wananchi, umetuletea habari za mkeo," naye akajibu, "Ndugu mwenyekiti, nimeandika aliyeuliza ni nani, ili mjue waliojibu walikuwa wanamjibu nani." Akaambiwa huo ni ubinafsi, neno ambalo miaka ile lilimtosha mtu kukosa usingizi, na kikao kikaazimia kwamba swali liulizwe upya na ofisa asiye na mke Matombo. Ofisa huyo alitafutwa, wa kwanza alikuwa na mke hapa, wa pili alikuwa nao wawili, na wa tatu alipopatikana mvua ilikuwa imekata barabara, faili likalala, na kitongoji ndicho hiki mlichokaa.

Marehemu hakupandishwa cheo tena, akahamishiwa kwenye takwimu za ngozi za ng'ombe, akasema afadhali, ngozi haimwiti mtu bwana mkubwa.

Tangu Oktoba 1982 alisumbuliwa na shinikizo la damu, baadaye figo, akafariki Jumanne, tarehe 10 Mei 1983, Theresia akiwa kando yake. Kwa desturi mwanamume aliyeoa hurudishwa kuzikwa kwa ukoo wa mama yake, na ndugu wa Mgeta walikuja kumchukua, lakini jana tulikaa, na safari hii tulianza kwa kuwauliza wanawake, nao wakasema abaki, na Mgeta wakaridhia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mafiga mliotoa sukari yenu katika mwaka huu wa uhaba tunaoujua wote, Baba Padri, na wafanyakazi wenzake marehemu waliotuazima Landrova, ileile, ambayo leo alipanda nyuma.

Shemeji, wenye ardhi wamejibu, na hakuna gari lililowasimamia, pumzika kwa amani.