Uvungu Wenye Komeo kwa Ndani

Asubuhi ile kwenye benchi la kando ya kinu cha kusaga walikaa watatu, na mama wa kahawa na birika lake. Redio, dereva mstaafu asiyezimika akianza kuongea, alikuwa amelikalia benchi nusu nzima. Wembe, kinyozi wa kibanda cha jirani, alikuwa akisubiri wateja. Randa, seremala, alikuwa ameshika kikombe mpaka kikapoa.

— Randa, hiyo kahawa unainywa au unailinda? aliuliza mama wa kahawa.

— Nimetengeneza kitanda, mama. Tangu nilipokikabidhi sina raha.

— Kimevunjika? akadakia Redio.

— Kingevunjika ningelala usingizi.

Akawaeleza. Mshonaji, yule mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, alimwagiza kitanda kirefu kinachofika kifuani, chenye nafasi ya kuwekea vitu chini. Mbele droo za nguo, nyuma ya droo ukuta wa mbao, kisha uvungu mtupu, na ubavuni kimlango kidogo nyuma ya pazia. Alitaka kazi iishe kabla mumewe hajarudi safari.

— Sasa hapo pana nini? Chumba kimoja, watu watatu, vyombo wataviweka kichwani? alisema Wembe.

— Alitaka nitoboe matundu ya hewa. Na komeo nikalifunga kwa ndani.

Redio akaweka kikombe chini.

— Magendo hayo! Vitambaa vinaingia kwa mlango wa nyuma.

— Vitambaa vinapumua, Redio? aliuliza Randa.

— Basi ni mwanamume, alisema Wembe, akicheka peke yake. Mume akibisha hodi, jamaa chubwi uvunguni, anajifungia.

— Acheni kumchafua mtoto wa watu, alisema mama wa kahawa.

— Hamjui kitu nyie. Ni chatu! Redio alisimama kabisa. Nimeendesha lori miaka chungu nzima, nimelala nyumba za watu. Kuna bwana alikuwa anafuga chatu chini ya kitanda, anamlisha kuku. Mkewe akidhani ni sanduku la viatu!

Hata Randa alitaka kucheka, lakini akatikisa kichwa.

— Redio, kinachofunga komeo kwa ndani lazima kiwe na vidole.

Randa alikumbuka siku ya kukabidhi. Mshonaji alimwambia, "Pigapiga, fundi. Kwa nguvu. Piga na teke." Akapiga, na yule mama akainamisha kichwa kusikiliza mbao. Randa alimtania kwamba kitanda ni cha kulala, si cha vita. Mama wa watu hakucheka. Alisema tu, "Ongeza misumari."

Na yeye akaongeza, akaenda zake.

Mwanamke kijana akavuka barabara mbio, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi.

— Samahanini, shikamooni. Mimi mdogo wake mshonaji. Kibanda chake kimefungwa, simu haipokelewi. Alinipigia alfajiri, akasema shemeji amerudi, halafu ikakatika. Kuna aliyemwona leo?

Wakatazamana. Walikuwa hapo tangu jua linachomoza, wanamjadili yeye, na hakuna aliyeinua macho kutazama kibanda chake.

— Lakini shemeji yako ni mpole sana, alisema Redio. Hapiti hapa bila kutusalimia.

— Mpole kwenu.

Randa alikuwa ameshaondoka. Hakujua kama anatembea au anakimbia. Alisikia tu miguu ya wenzake nyuma yake, na pumzi za yule binti. Wakasukuma geti la ua, wakaingia. Mlango wa chumba cha mshonaji ulining'inia kwa bawaba moja. Ndani, godoro lilikuwa sakafuni, droo zimechomolewa na kutupwa, nguo za mtoto zimekanyagwa. Pazia limechanwa. Kwenye kimlango cha ubavuni palikuwa na alama za viatu, nyingi, moja juu ya nyingine, na ubao umepata ufa kutoka juu hadi chini.

Lakini ulikuwa umeshika.

— Dada! aliita yule binti.

Kimya. Randa akapiga magoti. Hakuthubutu kugonga, kwa sababu aliogopa kuwatisha waliomo, na aliogopa zaidi kwamba hakuna atakayetishika.

— Mama, ni mimi fundi. Nipo na mdogo wako. Ni sisi tu.

Walisubiri. Kisha chuma kikakwaruza mbao, polepole, kikakwama, kikakwaruza tena. Mshonaji akatoka akitambaa, mdomo umevimba, amembana mwanawe kifuani. Mdogo wake akawakumbatia wote wawili pale pale sakafuni. Wembe akavua koti akawafunika. Mama wa kahawa akaanza kulia bila sauti.

Mtoto hakulia. Alitazama sura zao moja moja, akatazama mlango uliovunjwa.

— Baba yuko wapi? aliuliza.

Hakuna aliyejua. Randa akageuka kutazama geti la ua, ambalo kwa haraka yao walikuwa wameliacha wazi.