Kompyuta Nne za Privatus

Kwenye gari la Nyaishozi, Benadeta aliwasikia vijana wawili mbele yake wakibishana. Mmoja wao, Privatus, mwenye banda la gemu, alikuwa ameondoa Windows kwenye kompyuta zake nne kuukuu na kuweka Linux, mfumo mwepesi zaidi, ili ziende kasi.

"Sasa gemu la mpira haligandi kabisa," alijisifu. "Na kulifungua?" mwenzake, fundi Gideon, akamuuliza. "Kuna maneno machache ya kuandika." "Ndugu yangu, mtu katoka ibadani apumzike, wewe unampa mtihani! Kesho watahamia banda la Apolinary." "Kwa Apolinary linaganda kila dakika." "Lakini linafunguka."

Benadeta, aliyejifunza kusoma ukubwani, aliwakumbuka wenzake walioacha darasa jioni ya kwanza kwa kuona herufi ni ngumu. Gari likasimama. Wakashuka wakibishana, naye akamwombea Privatus wateja wenye subira.