Benki Zapumua: Shangazi Hodi Astaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Mfuko wa Serikali wa Bima ya Mikopo ya Nyumba anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Juni. Sisi wa ghorofa ya pili tunamwita Shangazi Hodi. Benki nazo zina majina yao ya kumwita, ila mhariri wa jarida hili ameyakataa.

Kwa wasiotujua: mkopaji akishindwa kulipa akahama, Mfuko huifidia benki, na nyumba hupigwa mnada. Benki huleta madai pamoja na picha ya nyumba iliyohamwa. Wakaguzi wengine hutazama picha, hujumlisha, hugonga muhuri, wakaenda zao kunywa chai. Shangazi hakuwahi kuamini picha. Alivaa raba, akabeba mwavuli, akaenda kubisha hodi mwenyewe. Madereva wetu wakimwona tu anashuka ngazi, magari yote yalikuwa mabovu ghafla.

Mwaka mmoja, siku ya kufunga hesabu, alishika picha ya nyumba “iliyohamwa” ambayo sote tulikwisha kuipitisha. Uani kulikuwa na shuka zimeanikwa, zinachuruzika maji. Mkurugenzi alimsihi asaini tu, watu waende nyumbani. Shangazi alimwuliza tangu lini mizimu inafua, kisha akachukua mwavuli.

Aliyefungua mlango alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto watatu, pini mdomoni, hana habari kwamba nyumba yake inauzwa Jumatatu. Hakuwahi kuruka hata mwezi mmoja. Benki ilikuwa ikiingiza malipo yake kwenye mkopo wa mtu mwingine, ambaye kwa ustaarabu wake hakulalamika. Mnada ulifutwa dalali akiwa ameshafika na kengele yake. Hesabu zetu zilichelewa wiki nzima, na Mkurugenzi akanuna mwezi. Hatukumwambia Shangazi wakati ule, tunamwambia leo: tulijivunia kuwa naye, na tuliona haya pia.

Mwezi uliopita fundi alimaliza mkopo wake. Alikuja ofisini na hati ya nyumba, akatupita sote bila salamu, akampa Shangazi aishike. Naye, kwa mazoea ya kazi, aliisoma yote mpaka chini, akaweka tiki ya penseli pembeni, ndipo akaanza kulia.

Asante, Shangazi. Maisha mema na marefu tunakutakia. Majirani zako tunawaombea subira.