Bibi Rudia Aaga Meza ya Michoro

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kampuni yetu ya ushauri wa kihandisi, mhandisi wetu wa majengo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili liko kwenye muhuri wake wa kihandisi. Sisi tunamwita Bibi Rudia, maana hilo ndilo neno aliloliandika kwa kalamu nyekundu kwenye michoro yetu sote, mabosi wakiwemo.

Kila mgeni ofisini alipewa somo lake. Uzuri wa kazi ya ushauri, alisema, ni kwamba huchoki na kitu kimoja: leo daraja, kesho tangi la maji, na akili hailali. Ubaya wake? Mwenye jengo na mkandarasi wakigombana, nyasi ni wewe. Na siku ya kukata utepe, mshauri atawekwa nyuma kabisa, ubavuni mwa spika za muziki, hata soda isimfikie. Hapo alicheka mwenyewe mpaka machozi.

Ubaya mkubwa zaidi aliuonja. Mteja aliyekuwa akitulisha sote alitaka kuongeza ghorofa juu ya wodi ya wazazi. Bibi Rudia akakagua msingi, akasema haubebi, uimarishwe kwanza. Mteja akaja juu: Bibi Rudia asiposaini, yeye anahamia kampuni nyingine. Wakubwa wakambembeleza, wenzake wakanuna. Yeye akajibu kwamba watakaolala mle ni watoto wa siku moja, kisha akafunika kalamu. Mteja akahama kweli. Tukabaki na vyoo vya shule, na ukurugenzi aliokuwa akiutarajia ukampita hivi hivi. Aliumia, asikudanganye mtu. Ila vyoo vile alivichora kama ikulu!

Washauri wengine wawili walipompa mteja jibu lile lile, alirudi kimya kimya. Msingi ukaimarishwa, ghorofa ikapanda.

Mwaka jana binti wa Bibi Rudia alijifungulia humo humo. Tulipokwenda kutoa hongera, tulimkuta bibi wa mtoto kwenye benchi ya wodi ya chini, ghorofa nzima ya wazazi na vichanga iko juu ya kichwa chake, naye amelala fofofo, anakoroma. Jamani, tulijivuna siku ile!

Asante, mama, kwa kutufundisha kusema hapana bila kupandisha sauti. Nenda nyumbani, na Mungu akujaalie usingizi kama ule, kila siku.