Mufuko wa Mwisho wa Muzee Edmond Kakule

Ndugu wafiwa, mapadri, majirani wa Vulamba, na ninyi mliofuata harufu ya maharagi: tunatangaza kwa heshima kubwa kwamba marehemu, mwenyewe akitokwa damu, alimwachia mtoto wa watu mufuko wa mwisho wa damu uliobaki katika frigo ya hospitali.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 karibu na Lubero, kwa wakulima. Alisoma kwa mapadri, halafu akasomea uuguzi mpaka 1965. Mwaka wa pili aliurudia, siri aliyoificha maisha yake yote na ambayo dada yake ametutolea jana.

Toka 1966 alikuwa mtu wa labo katika hospitali moja ya hapa Butembo. Alipima damu, na zaidi aliwakatalia watu damu. Siméon, mfanyabiashara, alipopona malaria aliomba mufuko mmoja «wa nguvu» mbele ya kupanda ndege kwenye uwanja wa Rughenda. Marehemu akamchoma kidole, akakuta hemoglobini kumi na moja, akamtuma akakule sombe, majani ya muhogo. Damu, alisema, ni ya mutu aliyeshuka chini ya tano na anahema, ao ya yule anayetoka damu bila kukoma. Siméon alinuna miezi miwili. Maharagi ya leo ni yake.

Tarehe 20 Julai 1968 alimwoa Virginie Kavira. Alimpima kwanza, akakuta kundi lake la damu ni A, na yeye mwenyewe ni O. Akamweleza kwamba mutu wa O hataweza kupokea damu ya A hata siku moja, halafu akaomba uchumba. Mama Virginie anasema hapakuwa na mwanaume mwingine aliyemwangalia kwa makini vile.

Ini lilianza kumsumbua mwaka 2000, na damu yake ikakataa kuganda. Tarehe 5 Februari 2002 pua na fizi zilifunguka. Wakamjaza gaze, kitambaa cha kuzuia damu, mdomoni. Alihitaji damu mbichi, na barabara ya Beni ilikuwa imefungwa na vita. Wajomba walioahidi mikono ya kutolewa damu waliona sindano, wakakumbuka mashamba. Saa ileile mama mmoja, Florentine, akafika kutoka Mabalako na binti yake Rébecca, miaka mine, malaria, hemoglobini tatu, anahema. Séphora, binti ya marehemu, akasimama mbele ya frigo.

«Baba ametumika hapa miaka makumi tatu na sita. Huu mufuko ni wake.»

Muzee hakuweza kusema. Aliinua kidole, akaonyesha mtoto. Séphora akatoka mlangoni, analia. Kesho yake Rébecca aliomba ndizi. Élisée, kijana wa marehemu, alitoa damu yake kwa baba, lakini haikutosha. Muzee alifariki tarehe 9.

Ameacha mjane, Séphora, Élisée, wajukuu saba, na Rébecca, ambaye si wa ukoo lakini amekaa musitari wa kwanza. Bwana amupe pumuziko ambalo labo haikumupa.

Limebaki neno moja. Gaze ilipotolewa, Séphora alimwambia baba yake kwamba tutaandika hapa namna alivyojitoa kwa ajili ya mtoto. Marehemu akajibu:

«Ule mufuko ulikuwa A, mama, kama damu ya mtoto. Miye niko O. Ungeniua.»